Tangazo la Uongo Nililoliandika Vizuri Mno

Nimestaafu mara mbili. Mara ya kwanza niliacha buti za mpira, sindano na pikipiki, baada ya miaka mingi ya kuwa bibi mifugo katika kata za Karatu na Ngorongoro. Mara ya pili ni Ijumaa iliyopita, niliporudisha kompyuta ya ofisi na kusahau kikombe changu cha chai mezani. Ninyi mnaobaki pale juu ya duka la pembejeo mmeniomba niandike niliyoyaona. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo tulikuwa navyo vitatu tu, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika juu ya mafaili, maana ujanani hakuna aliyeniambia kwamba faili dogo kwenye kompyuta linaweza kumsisimua mtu kuliko ng'ombe aliyezaa mapacha.

Siku ya kwanza nilipanda zile ngazi nimevaa kitenge cha kanisani. Naserian, mkuu wa waandishi wa programu, alikuwa amekaa sakafuni peku, kompyuta mapajani, anatafuna hindi la kuchoma. Ni binti wa Ololosokwan, wa umri wa mwanangu wa tatu. Aliponiona alinyanyuka haraka akainamisha kichwa nimguse utosini, kama Wamaasai wanavyomsalimu mkubwa wao. Nikamgusa. Kisha akanipa kiti chake akaanza kunifundisha kazi, na tangu hapo yeye ndiye mwalimu wangu, ingawa kila asubuhi aliendelea kuniinamishia kichwa.

Kazi yenyewe ilikuwa programu ya simu kwa ajili ya wafugaji: matangazo ya magonjwa, tarehe za chanjo, kumbukumbu za boma. Mimi niliajiriwa kuhakikisha kwamba inachosema juu ya ng'ombe ni kweli. Walinihitaji kwelikweli. Wiki ile nilipoingia, programu ilimruhusu dume kuandikwa kuwa ana mimba ya miezi sita, na ikamtakia mwenye boma uzazi mwema.

Naserian akanionyesha dawa ya mambo kama hayo. Anaiita jaribio dogo. Unaandika mistari michache inayoiuliza programu swali moja tu: dume anaweza kuwa na mimba? Ikijibu vizuri, unaona alama ya kijani. Ikikosea, nyekundu. Huhitaji simu wala mtandao, kompyuta inajiuliza na kujijibu yenyewe, na maswali mia moja yanaisha kabla chai haijapoa. Nilipoona kijani changu cha kwanza nilipiga makofi peke yangu. Nilikuwa nimezoea kungoja wiki tatu kujua kama dawa imefanya kazi.

Jaribio langu la kwanza la maana lilihusu kuhesabu. Programu ilimlazimisha mfugaji aandike idadi ya ng'ombe wake, la sivyo haimruhusu kuendelea. Mtu yeyote aliyekanyaga Loliondo angewaambia kwamba mzee wa Kimaasai hahesabu ng'ombe wake hadharani, na wewe ukimwuliza wangapi anakutazama kama umemwuliza siku atakayokufa. Anawajua kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao. Jioni anasimama langoni, wanapita, naye anajua nani hajarudi. Nikaandika faili la mfano: boma lenye orodha ya ng'ombe kwa majina na rangi, pasipo idadi hata moja. Programu ilipolisoma ikawa nyekundu. Naserian alicheka mpaka akafuta machozi, kwa sababu baba yake mwenyewe alikuwa ameshindwa kuitumia na yeye alidhani ni macho ya mzee.

Hapo ndipo nilipoonja utamu wa mafaili ya mfano. Nikayaandika kila siku. Tangazo lisilo na tarehe. Tangazo lenye kichwa kirefu mpaka kinatoka nje ya kioo. Picha ya sikio la ng'ombe lenye alama ya ukoo, ikiwa imepigwa kichwa chini. Mnajua jinsi nilivyo nikipenda kitu. Mume wangu alianza kusema kwamba nyumbani siku hizi anaishi na kompyuta yenye mke.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kosa lilipoingia. Mafaili yale yakae wapi? Mwanzoni Naserian aliyaweka kwenye folda yake mwenyewe, na majaribio yakaandikwa yayatafute hukohuko. Kwake kijani, kwangu yote mekundu, kwa sababu kompyuta yangu haina folda yenye jina la Naserian. Tukahangaika kutwa nzima. Halafu kukawa na mfuko mmoja ambao kila kompyuta ya ofisi ilikuwa nao: folda ya vitu vinavyosafiri pamoja na programu hadi kwenye simu ya mtu, yaani nembo, picha, na matangazo machache ya ushauri, kwa mfano namna ya kuogesha mifugo. Simu ikikosa mtandao, programu hufungua mfuko huo na kuonyesha yaliyomo, ili mtu asikute kioo kitupu.

"Yaweke humo kwa sasa, yeyo," Naserian aliniambia. Yeyo ni mama kwa Kimaasai. "Kabla ya kutoa toleo jipya tutayaondoa."

Wenzangu, neno "kwa sasa" lina umri mrefu kuliko sisi sote.

Kosa hilo lilikuwa la wawili. La pili ni langu peke yangu. Vijana walipoandika tangazo la mfano waliandika "jaribio jaribio aaa bbb", na mimi niliwadharau. Miaka yote ya kazi yangu ya kwanza nilifundishwa kwamba tangazo la ugonjwa haliandikwi kizembe, kwa sababu mtu ataligeuza kuwa uamuzi kabla jua halijazama. Mkono wangu haukuweza kuandika aaa bbb. Kwa hiyo nilikaa nikaandika tangazo kamili: kimeta kimeonekana kata ya Arash, mifugo isilishwe wala kunyweshwa bondeni, mzoga usichunwe wala kuliwa, wenye mifugo wahamie malisho mengine mara moja. Nikaweka mpangilio ule ule niliokuwa nikiusoma kwenye mikutano ya kijiji, na jina langu chini. Jaribio likasoma tangazo, likapata ugonjwa, kata na maelekezo, kijani tupu. Nilijisikia fahari, sitaficha. Lilikuwa tangazo zuri.

Toleo jipya likatoka Februari. Hakuna aliyekumbuka kuutazama mfuko.

Siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, simu yangu ikaita. Alikuwa Mzee Parmet wa Arash, mfugaji niliyemfahamu tangu nikiwa na pikipiki. Mtandao Arash unapatikana juu ya kilima kimoja, na ukisimama vibaya unapotea. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepanda kilima.

"Daktari, sopa."

"Ipa, mzee. Habari za boma?"

"Boma nzuri. Ile tangazo yako tumeona kwa simu. Bwana, nimesoma mpaka mwisho, nikasema huyu ni Daktari, maneno ni yake. Nimepigia kukushukuru. Kesho alfajiri tunatoa ng'ombe wote, tunashuka mbugani."

"Tangazo gani, mzee?"

"Ya kimeta."

Nikaanza kusema, mzee, ngoja, na simu ikakatika. Nilipiga mara ishirini. Mwenye simu alikuwa ameshateremka kilimani.

Kwa yule ambaye hajafuga, nieleze kidogo. Februari ni mwezi ambao nyumbu wanazaa kule mbugani, na nyumbu anayezaa huacha kwenye majani ugonjwa ambao yeye haumdhuru hata kidogo ila ng'ombe unamuua. Hauna chanjo tuliyokuwa nayo mkononi wala dawa. Ndiyo maana kila mwaka wafugaji huondoa ng'ombe mbugani na kukaa nao juu, kwenye majani machache, wakitazama yale mabichi kwa mbali bila kuyagusa. Mzee Parmet alikuwa anaukimbia ugonjwa ambao haupo na kuupeleka utajiri wote wa familia yake kwenye ugonjwa uliopo. Bonde nililomkataza ndilo lililokuwa malisho yake pekee huko juu, na alifanya hivyo kwa sababu aliamini mwandiko wangu.

Nilimwambia Naserian. Alifungua mfuko kwenye kompyuta, akaliona tangazo limekaa pale katikati ya ushauri wa kuogesha mifugo, akafunika uso kwa viganja. Kisha akafanya kazi kama watu watatu. Aliondoa faili, akatoa toleo jingine mchana uleule, na kupitia mtandao akatuma ujumbe wa kukanusha kwa kila simu. Kwa wenye mtandao mambo yaliisha hapo. Arash, chini ya kile kilima, mtandao haukuwapo, na pasipo mtandao simu ya Mzee Parmet ingeendelea kufungua mfuko uleule na kumwonyesha kimeta kilekile.

"Hakuna namna ya kutuma," alisema. "Lazima mtu aende."

"Tunakwenda wote," nikasema. "Mimi niliandika, wewe uliweka."

Geti la hifadhi lilikuwa limekwisha kufungwa, kwa hiyo tulilala mapema na kuondoka kunapambazuka, kwa gari la mume wangu la kubebea viazi. Tukapita geti, tukazunguka ukingo wa kreta katika ukungu mzito, tukateremka bonde la Malanja. Watalii walikuwa wakisimamisha magari kupiga picha za twiga. Sisi tulipiga honi. Niseme ukweli ambao labda haufai: niliogopa sana, na papo hapo nilikuwa na msisimko ambao sikuwa nao tangu ujana wangu, kama nilivyokuwa nikikimbizwa kwenda kumvuta ndama aliyekwama. Baada ya Malanja ni vumbi na mawe, njia inagawanyika bila kibao, na Naserian akawa anaongoza kwa kutazama vilima. Mara mbili tulisimama kuuliza wachungaji, naye akaongea nao Kimaasai harakaharaka, nami nikishika neno moja moja. Mara ya pili mchungaji alinyoosha rungu upande wa mashariki. Vumbi lilikuwa limesimama pale, refu, la ng'ombe wengi.

Tuliwakuta kwenye mteremko wa mwisho. Chini yao mbuga ilikuwa ya kijani, na ndani ya kijani kile nyumbu walikuwa weusi tele, na ndama wao wa rangi ya mchanga wakiyumba miguuni mwao. Nilishuka gari likiwa bado linatembea, jambo ambalo mwanamke wa umri wangu hapaswi kulifanya. Mzee Parmet alisimama, akaegemea fimbo.

"Daktari. Umetukuta njiani. Tumesikia neno lako, tumetii."

"Mzee, geuza ng'ombe. Arash hakuna kimeta. Tangazo lile ni la uongo."

"Uongo ya nani?"

"Wangu. Mimi niliandika."

Alinitazama. Nyuma yake wanawe watatu walikuwa wamesimama kusikiliza.

"Ya kudanganya nani?"

"Kompyuta. Tulitaka kuona kama itasoma vizuri."

"Na ilisoma?"

"Ilisoma vizuri."

Akageuka akaitazama mbuga chini yake. Halafu akasema, "Na sisi tumesoma vizuri."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alipiga mluzi mmoja, wanawe wakakimbia mbele, na mimi na Naserian tukakimbia nao, yeye na viatu mkononi, mimi na kitenge magotini, tukipunga shuka na kupiga kelele. Ng'ombe wenye njaa waliokwisha kunusa majani mabichi hawageuki kwa adabu. Ilituchukua sisi wawili na wanaume wale karibu saa nzima. Tulipomaliza nilikaa chini kwenye jiwe nikacheka na kulia kwa pamoja, maana kundi lote lilikuwa linapanda kurudi juu.

Lote, isipokuwa mitamba watatu waliokuwa wametangulia. Wale walikuwa wameshakula majani ya nyumbu kabla hatujawafikia.

Nilikwenda Arash kila juma kuwatazama. Wawili hawakupata kitu. Wa tatu, mwekundu mwenye kipaji cheupe, nilimkuta juma la nne amesimama peke yake kivulini, macho yake yamekuwa meupe kama maziwa, nikajua kabla sijashuka kwenye gari. Mzee Parmet aliniambia jina lake na la mama yake na la bibi yake. Nilikaa naye mpaka mtamba akafa, kisha nikarudi Karatu, na ile hali ya kupiga makofi kwa kila kijani ikaniisha kwa muda.

Haikuisha kabisa, ndiyo maana mnanijua hivi. Jumatatu iliyofuata baada ya safari ile ya kwanza, mimi na Naserian tulikuwa tumekwisha kufunga mlango na kuanza kazi ambayo ilipaswa kufanywa tangu mwanzo. Tulitengeneza folda ya pili, inayokaa na majaribio, ambayo chombo cha kufungasha programu hakiifungui kamwe. Mafaili yote ya mfano yakahamia humo. Naserian akaandika mlango mmoja wa kuyaleta: jaribio linataja jina la faili tu, na mlango unalitafuta popote kompyuta ilipo, ya Naserian au yangu. Lisipokuwepo, mlango haunyamazi, unataja jina kamili la faili lililokosekana na kusimamisha kila kitu. Majina yote kwa herufi ndogo, maana kompyuta yake ilikuwa haizijali herufi kubwa na ile inayofungasha inazijali sana. Na kila jina lianze na neno "bandia".

Kisha nikaandika ukaguzi wa mwisho mimi mwenyewe, mistari tisa, kazi yangu ya kwanza isiyosahihishwa na mtu. Programu ikishafungashwa, ukaguzi unakifungua kifurushi chenyewe, kile kile kitakachokwenda kwa watu, na kutafuta "bandia" ndani yake. Ukikuta hata moja, toleo halitoki. Ulipokuwa kijani sikuuamini. Nikachukua faili bandia nikalitia kwenye mfuko kwa makusudi, nikafungasha upya. Nyekundu. Naserian alinikumbatia na tukaruka pale juu mpaka mwenye duka la pembejeo akapanda kuuliza kuna nini. Kijani ambacho hujawahi kukiona kikiwa chekundu usikitegemee, wanangu.

Na mafaili yenyewe nikayaandika upya. Siku hizi ugonjwa wa mfano ni homa ya mkia wa pili, kata ni Hakunamtu, na ng'ombe wana miguu saba. Nilipomsimulia Mzee Parmet alifikiri kidogo akasema mguu wa saba mtu anaweza kusadiki akiwa amelewa, afadhali pembe ziwe mkiani. Ziko mkiani mpaka leo, msiziondoe.

Mwaka uliofuata kimeta kilitokea kweli, Oloipiri, jirani kabisa na Arash. Maabara ilithibitisha, na ofisi ya mifugo ikatuomba tutoe tangazo: ng'ombe wote wapelekwe kuchanjwa. Nililiandika kwa mkono uleule, kwa mpangilio uleule, jina langu chini. Hakuna namna nyingine ninayoijua ya kuandika kimeta. Nikambembeleza Naserian alisome mara tatu, likatoka, na nikakaa kusubiri simu kutoka kilimani. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Nilijua vizuri anachokiona: tangazo lilelile, la mtu yuleyule, aliyemgharimu mtamba mwekundu. Nisingemlaumu kwa kulifuta. Lakini kimeta kingemlaumu.

Siku ya tatu akanipigia mwenzangu wa zamani aliyekuwa Arash na timu ya chanjo. Alisema wamefika asubuhi na kukuta kundi la Mzee Parmet limekwisha kupangwa kwenye kibanio, ile njia nyembamba ya miti ya kuchanjia, la kwanza kabisa, na mzee mwenyewe amekaa juu ya nguzo.

"Nikamwuliza kama alipata tangazo," mwenzangu alisema. "Akasema alipata siku ileile."

"Mbona hakunipigia?"

"Hilo nami nilimwuliza. Akaniambia, 'Nilisubiri siku mbili nione kama Daktari atakuja kukanusha. Hakuja. Chanjeni.'"